Hofu ya kukonda yakwamisha juhudi za kupunguza unene Homa Bay

MTU akipungua kilo chache jijini Nairobi, husifiwa. Akipungua kiasi hicho hicho Homa Bay, huenda majirani wakaulizana kwa sauti ya chini anaugua nini.

Minong'ono hiyo ina chimbuko lake. Ukimwi ulipoenea kandokando ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1980 na 1990, dalili iliyoonekana na kila mtu ilikuwa kukonda. Nchini Uganda, watu waliuita ugonjwa huo silimu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Miongoni mwa Waluo, wengi waliokonda walidhaniwa kupatwa na chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Mwili mnene ukawa ushahidi wa afya na wa nyumba yenye chakula.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali ya umma ya Homa Bay. Utafiti wa kitaifa wa 2018 bado uliiweka kaunti hiyo mbele nchini, kwa maambukizi ya asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima. Hata hivyo, wanaotumia dawa sasa wanaishi miaka mingi, na kama wenzao wote, wanakabiliwa na kisukari na shinikizo la damu.

Isitoshe, utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa 2019 ulibaini kuwa dolutegravir, dawa inayotumika sana Kenya, huandamana na ongezeko la uzito, hasa kwa wanawake. Hiyo si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kuangalia sahani na miguu.

Unene si tatizo la wenye virusi pekee. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi waliongezeka kutoka asilimia 25 mwaka 2008-09 hadi asilimia 33 mwaka 2014.

Tiba ya haraka, kama kujinyima chakula kwa majuma machache, haidumu. Mwili ulionyimwa ghafla huongeza njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, na kilo hurudi. Kinachodumu ni kidogo kinachofanywa kila siku. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwapa watu waliokuwa katika hatari ya kisukari malengo mawili: kupunguza asilimia saba ya uzito, na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kila wiki. Uwezekano wao wa kuugua ulipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, lengo hilo ni kilo sita hivi.

Homa Bay haihitaji chakula cha kigeni ili kufika hapo. Samaki wa kuchemsha badala ya wa kukaangwa, ugali uliopungua kidogo, mboga za osuga, apoth na kunde zikiongezwa, chai isiyojaa sukari, na safari fupi ya sokoni kwa miguu badala ya bodaboda: hayo yote yako karibu.

Kikwazo ni kwamba chungu ni kimoja. Mke anayepunguza mafuta huonekana anabania familia, na akipungua mwili, mumewe huulizwa kama anamtunza. Kwa hiyo uamuzi huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Wanaokula pamoja wanapaswa kukubaliana pamoja.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa vya kupima sukari na shinikizo la damu mwaka 2023, huingia katika nyumba hizo. Wanaweza kueleza tofauti ambayo minong'ono huificha: anayepungua polepole kwa kubadili mlo na kutembea anajenga afya, lakini anayekonda bila kukusudia anapaswa kwenda hospitalini mara moja, kwani huenda ni kifua kikuu, kisukari au maradhi mengine. Majirani wakiijua tofauti hiyo, wa kwanza atatiwa moyo na wa pili atawahi matibabu.