MASHAURI YA UFUNDI: PIKIPIKI YA ZAMANI IKIKATAA KUWAKA

Huko Magarini pikipiki moja ni miguu ya watu wengi. Ndiyo inayochukua mananasi kutoka shambani hadi barabara kuu, ndiyo inayompeleka karani kazini Gongoni, na usiku ndiyo inayomvusha mgonjwa Mto Sabaki hadi hospitali ya Malindi. Basi siku inapokataa kuwaka, hasara si ya mwenyewe peke yake. Walakini hasara kubwa zaidi aghalabu haitokani na ubovu, bali na pupa ya kununua vipuri kabla ya kutazama.

Mkulima wa Marafa aweza kuuza mbuzi ili anunue koili mpya, akaifunga, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, na pikipiki ikakaa kimya vile vile. Kumbe ubovu ulikuwa uchafu mdogo tu juu ya platini, ambao kipande cha msasa kingaliuondoa. Mbuzi amekwenda, na mgonjwa bado yu nyumbani.

Njia ifaayo ni kuufuata umeme mahali unapopita, kuanzia mwisho na kurudi mwanzo. Pikipiki za zamani, kama BSA Bantam iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, au Honda CG125 za mwanzo, za mwaka 1976, hazina siri kubwa. Sumaku inayozunguka, au betri, hutoa umeme mdogo wa kupita katika koili. Kisha platini, yaani vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, huukata umeme huo ghafula. Katika kukatika huko koili huzaa umeme wa maelfu ya volti, nao huruka katika mwanya wa plagi na kuwasha petroli. Kondensa huzuia cheche zisiunguze platini, na hufanya umeme ukatike upesi.

Jambo la kwanza, baada ya kuhakikisha kuwa swichi imefunguliwa na petroli imo, ni kuijaribu plagi. Ifunguliwe, irudishwe katika kofia yake, na chuma chake kilazwe juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Bomba la petroli lifungwe kwanza, na mtu asiishike plagi wala waya wake kwa mkono. Kisha kiki ipigwe, kivulini ili moto uonekane. Cheche ya buluu yenye kulia ni dalili njema: yafaa aanze kutazama petroli na kabureta. Cheche ikiwa ya manjano na dhaifu, au isipoonekana kabisa, ubovu umo katika njia ya umeme.

La pili ni kutia plagi nyingine iliyo nzima. Ile ya kwanza ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi hewa. Ikiwa imelowa mafuta mazito, injini inavuta oili. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, injini inakula vema.

La tatu ni kofia ya plagi. Upepo wa bahari kati ya Mambrui na Ngomeni una chumvi, na karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni ndiyo zaidi. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu huzaa ukungu wa kijani katika maungio ya waya. Kofia itolewe na kukaushwa, na ncha ya waya iliyooza ikatwe kidogo, kisha plagi ijaribiwe tena.

La nne ni swichi ya kuzimia. Katika pikipiki za sumaku, waya wa swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye chuma. Ukichubuka na kugusa fremu, injini haitawaka hata kidogo. Waya huo ukitolewa na cheche ikarudi, mwizi amekamatwa, wala hakuna cha kununua.

La tano ni platini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kifuniko kifunguliwe, nyuso za platini zisuguliwe kwa msasa laini, kisha karatasi safi ipitishwe katikati ili kuondoa vumbi na mafuta. Mwanya wake, zikiwa zimeachana kabisa, katika pikipiki nyingi za namna hii ni kati ya milimita 0.3 na 0.4; walakini kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu. Mwanya upimwe kwa vibamba vya kupimia, wala si kwa macho.

La sita ni kondensa. Platini zikitoa cheche kubwa zinapoachana, na zikiungua tena upesi baada ya kusafishwa, kondensa ndiyo ya kushukiwa, nayo ibadilishwe.

Koili na iwe ya mwisho. Koili iliyochoka huwa na desturi moja: pikipiki huwaka asubuhi, huenda maili kadhaa, huzima ikipata moto, na huwaka tena ikipoa. Lakini kifuniko cha tangi kilichoziba tundu lake la hewa hufanya hila iyo hiyo. Kwa hiyo dereva afungue kifuniko papo hapo njiani. Ikiwaka mara moja, koili haina kosa. Isipowaka, plagi ijaribiwe kungali na moto, na cheche ikikosekana, koili imejishtaki yenyewe.

Pikipiki nyingi mpya za bodaboda hazina platini. Badala yake zina kijisanduku cha elektroniki. Hata hivyo plagi, kofia na swichi hutazamwa kwa utaratibu ule ule, ila chuma cha plagi kisikose kugusa injini wakati wa kupiga kiki, maana umeme ukikosa njia waweza kukiharibu kijisanduku hicho.

Mwenye pikipiki ya zamani hana budi kuwa na daftari dogo la kuandika tarehe aliyosafisha platini na aliyobadilisha plagi. Na kabla ya mvua za masika, atie katika mfuko wa turubai plagi moja nzima, spana yake, bisibisi, msasa laini, vibamba vya kupimia na kitambaa kikavu. Mgonjwa hangoji duka lifunguliwe.