Kabla ya kufuga kamba, tuwaulize Wakisii
Kila nikisikia viongozi wetu wa Pwani wakiahidi mabwawa ya kamba, nawakumbuka wakulima wa Kisii na Nyamira. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki kwa kila eneo bunge lililochaguliwa. Kuchimba ni rahisi. Mzigo ni chakula. Omena wa kuchanganya na pumba ni ghali, maana huliwa na watu pia. Na hiyo ni tilapia, samaki asiyechagua sana. Mtoto wa kamba hutaka mwani usioonekana kwa macho, kisha artemia. Chakula cha kiwandani kikizidi, huoza, maji yakachafuka, wakafa. Basi waheshimiwa, chakula hicho kitatengenezwa wapi, na nani atakilipia?