Ini la Mgonjwa na Miti ya Unyanyembe

Yako makundi mawili yanayoizuia dawa ya miti ya Unyamwezi isipate heshima yake. La kwanza ni la wasomi ambao wakisikia neno mfumu hutabasamu kwa kebehi. La pili ni la wauza dawa wanaosimama sokoni na kudai kwamba chupa moja huponya maradhi arobaini. Tunayapinga yote mawili, kwani anayeumia katikati yao ni mgonjwa.

Njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji, haikupitisha pembe za ndovu na watumwa peke yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa miguu kwa miezi, na haiyumkiniki kuwa watu wa safari kama hizo walikosa elimu ya magome na mizizi. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walikuwa wameugua sana, na tegemeo lao lilikuwa kwinini. Kwinini ni nini? Asili yake ni gome la mti wa milima ya Andes, ambalo wakemia wa Ufaransa walitoa kiini chake mwaka 1820. Basi gome la Peru likipita Paris huitwa sayansi, na la Sikonge huitwa ushirikina!

Tulitazame ini, kiungo ambacho Waswahili hukitaja hata katika uchungu wa moyo, wanaposema fulani amenikata maini. Mgonjwa wa kifua kikuu hunywa dawa kwa miezi sita, zikiwamo isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Dawa hizo zimeokoa watu wengi mno, wala asitokee wa kumshauri mgonjwa aziache. Lakini kwa baadhi yao huliunguza ini, macho yakawa ya manjano, na daktari akalazimika kuzisimamisha huku vijidudu vingali hai. Hata parasetamoli ya dukani ikizidi kipimo huzaa sumu ndani ya ini. Akiba ya glutathioni inayoizima sumu hiyo ikiisha, chembe za ini hufa.

Mwaka 2002 watafiti wa India walitangaza kwamba panya waliopewa dawa za kifua kikuu pamoja na dondoo la majani ya mlonge waliumia ini kidogo kuliko wenzao walionyimwa mlonge. Njia yenyewe si ya miujiza: kundi moja hupewa maji, la pili dawa yenye madhara, la tatu dawa hiyo na dondoo, kisha hupimwa vimeng'enya vilivyovuja kutoka kwenye ini kuingia damuni, na ini lenyewe hutazamwa kwa hadubini. Mlonge umeota katika nyua zetu pia.

Hata hivyo panya si mtu. Tena maabara nyingi huloweka majani katika spiriti, ilhali mfumu huchemsha mzizi kwa maji chunguni. Hizo ni dawa mbili tofauti! Kipimwe kile hasa anachokunywa mgonjwa, kwa kipimo anachopewa. Wala kipimo kisiogopwe: baadhi ya mimea ya jamii ya marejea ina sumu inayoliharibu ini hilo hilo, na mwenye kuichanganya na vidonge vya hospitali bila kumwambia daktari anacheza na roho yake.

Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Vyombo tunavyo. Kinachokwenda mbio zaidi ni shoka: miyombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge inakatwa kuwa kuni za kukaushia tumbaku. Maabara na iende Tabora sasa, ikakae na bafumu chini ya miti ingali imesimama. Na mfumu akiutoa mzizi wake, jina lake liandikwe daftarini na fungu lake lijulikane kabla mzizi haujasagwa.