Njia ya kuingia kwetu: maji kwanza, mawe baadaye

Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kuhifadhi maharagwe ili yasiliwe na wadudu. Yatangoja. Wamama wawili wa kikundi cha juu wameniuliza tulifanyaje kutengeneza ile njia yetu, na kwa kuwa mvua zinakaribia, afadhali niwajibu sasa.

Wanaoijua wanaijua. Kutoka avenyu mpaka mlango wa nyumba ya mwisho ni mita 40, upana mita mbili na nusu, na yote ni mteremko, kama mahali pengi hapa Bukavu. Tuko nyumba sita. Kokoto ilikuwako zamani, lakini miaka ilipita, ikabaki udongo mwekundu, mashimo, na katikati mfereji ambao mtoto wa miaka mitano angeweza kujificha ndani yake.

Miaka miwili iliyopita tulifanya ujinga, na nausema ili msiurudie. Tulichukua feza za likelemba, tukanunua kamyo nzima ya kokoto ya mtoni, tukaimwaga juu ya mashimo yale yale, tukaitandaza kwa jembe. Siku ile njia ilipendeza kabisa, hata tulipiga picha. Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Kufika mwezi wa kumi na moja, kokoto yetu yote ilikuwa imelala katika uwanja wa jirani yetu wa chini, pamoja na matope yaliyoingia mpaka jikoni kwake. Yule mama alikuja kulalamika. Tulimjibu vibaya. Mimi mwenyewe nilimwambia kwamba mvua haikutumwa na mimi. Akaweka mawe makubwa mbele ya ukuta wake, maji yakarudi kwetu, na tukakaa miezi hatusalimiani, hata mkutanoni tulikaa kila mtu upande wake.

Halafu ukaja ule usiku wa mwezi wa tatu. Bibi-arusi wa nyumba ya nne alishikwa na uchungu saa nane ya usiku, mvua inanyesha. Mwenye taksi alifika avenyu, akaangalia njia yetu kwa taa za gari, akakataa kushuka. Wababa watatu walimbeba kwa kiti. Walipofika kwenye lile bonde la katikati, mmoja aliteleza, kiti kikainama, binti akaanguka kwa goti. Tulipiga kelele wote. Aliyefungua mlango ni yule jirani wa chini. Alitoka na taa, akatupitisha ndani ya parseli yake mpaka barabara ya upande wa pili, na kitenge chake ndicho kilichomfunika binti. Mtoto alizaliwa salama asubuhi, ni msichana. Mama yake anatembea vizuri leo, lakini lile goti lilimsumbua mpaka mwezi wa sita.

Asubuhi ile tulienda wamama wanne kumwomba jirani masamaha. Alitukaribisha chai, akasema neno moja tu: «Kokoto yenu iko nyuma ya choo changu, mkuje muichukue.»

Basi, tukaanza upya. Safari hii tulimwendea mzee mmoja wa kartie aliyekuwa kantonye zamani, wakati barabara zilitunzwa kwa jembe na pauro, kila kantonye na kipande chake. Mzee alikuja, akatembea juu na chini mara mbili, akatukataza kununua hata jiwe moja. Alisema: mvua ikinyesha, vaeni mifuko ya plastiki kichwani, mtoke nje, muangalie maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Tulidhani anatuchezea. Lakini tulitoka. Na kwa nusu saa ya kulowa tulijifunza kuliko kwa miaka miwili ya kununua.

Maji yalikuwa yanatoka mahali pawili. Kwanza, kanivo ya avenyu, kule juu, ilikuwa imejaa sashe na chupa, kwa hiyo maji ya avenyu nzima yalikuwa yanaruka na kuingia kwetu. Pili, na hili lilituhuzunisha, yalitoka kwenye mabati yetu wenyewe. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la nyumba yangu ni mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ajabu, inamwaga lita 1.200 kutoka kwa nyumba moja. Hayo ni mapipa sita ya lita 200. Nyumba sita za namna hiyo ni mapipa 36, yanaporomoka kwa njia moja ya mteremko. Halafu tunashangaa kokoto imekwenda wapi!

Kazi ya kwanza basi haikuwa ya njia. Siku mbili za posho tulizibua kanivo ya juu. Kila nyumba ikafunga mfereji wa bati chini ya paa, na pipa chini yake. Pipa moja halitoshi, linajaa upesi, lakini linalobaki sasa linapita kwa mfereji wa pembeni, si katikati ya njia. Na maji ya pipa ni ya kufulia. Mjuavyo robine zetu, sina haja ya kuwaeleza faida yake.

Mfereji wa pembeni ndio uliotuletea maneno mengi. Maji lazima yaende mahali, na huko chini kuna mtu. Mzee alisema wazi kwamba kumtupia jirani maji si kutengeneza, ni kuhamisha taabu. Tulikaa na jirani wa chini jioni tatu. Mwishoni alikubali mfereji upite kando ya ukuta wake mpaka kanivo ya chini, kwa masharti mawili: upande wake ujengwe kwa mawe na simenti, na sisi ndio tuusafishe, si yeye. Ni haki yake. Nyumba moja kati yetu ilikataa kuchanga, na mpaka leo haijatoa kitu. Nilikasirika sana, sasa nimezoea. Tulibaki watano.

Upana wa mfereji ni kama jembe na nusu, kina chake sentimita 30. Ukingoni tulipanda majani ya vetiveri, kwa sababu mizizi yake inashuka chini sana na kukamata udongo. Wamama wengine wanapanda migomba hapo. Mgomba unapendeza, lakini mizizi yake haikamati udongo wa ukingo, na upepo ukiuangusha unang'oa kipande cha njia.

Mwezi wa nane mwishoni ndipo tuligusa njia yenyewe. Tulianza na kokoto iliyokuwa nyuma ya choo. Tuliipitisha kwenye wavu ili matope yaanguke, tukapata karai 70 na zaidi za mawe mazuri. Nyingine tulizikwangua kwa reki pembeni mwa njia, maana kokoto haipotei, inakimbilia pembeni na kufunikwa na majani. Kabla ya kununua, tafuteni kwanza ile mliyokwisha kuilipia.

Mashimo hayajazwi hivi hivi. Ukimwaga kokoto ndani ya shimo la duara, gurudumu la kwanza linaitapika. Unachimba shimo mpaka ufike chini ya mahali palipolegea, unazinyoosha kuta zake ziwe wima, unatoa matope na maji yote, kisha unajaza kidogo kidogo, mawe makubwa chini, madogo juu, unashindilia kila safu. Na uso wa zamani wa njia unalegezwa kwa sururu, ili mpya ishikane na ya zamani. Tusingefanya hivyo, kokoto mpya ingekuwa kama mahindi juu ya meza.

Halafu umbo. Njia nzuri haiko bapa, iko kama mgongo wa samaki: katikati juu, pembeni chini, ili tone la maji lisitembee na njia bali likimbilie mferejini. Kwa upana wetu wa mita mbili na nusu, katikati ilipanda sentimita 6 kuliko pembeni. Ni kidogo, huioni kwa jicho, lakini maji yanaiona. Tulipima kwa kamba na mpira mwembamba wa kupitisha mwanga, uliojazwa maji, kama wajenzi wanavyofanya.

Mawe sasa. Ile kokoto ya mtoni ni ya duara, inabingirika kama maharagwe. Njia inataka mawe yaliyopasuliwa, yenye pembe, kwa sababu pembe zinashikana. Tena yachanganyike: ya ukubwa wa kidole gumba, ya ukubwa wa punje ya mahindi, na vumbi lake. Msikubali muuzaji awapepetee vumbi akisema anawasafishia. Vumbi hilo ndilo linaloziba nafasi na kufunga kila kitu. Mawe ya zamani tuliyoyaokota yalitosha kwa mashimo na tabaka la chini, hayakufaa kwa juu.

Hesabu ilikuwa rahisi: mita 40 mara mbili na nusu ni mita za mraba 100. Kwa hiyo kila sentimita moja ya unene ni meta kibu moja. Tulitaka sentimita 5 zilizoshindiliwa. Kokoto ikishindiliwa inapungua, tukaongeza sehemu moja ya tano, tukafika meta kibu 6. Meta kibu moja ni ndoo 50 za lita 20. Basi ndoo 300, kwa nyumba tano, kila nyumba ndoo 60.

Hatukuita kamyo. Tulinunua kwa wale wamama wanaopasua mawe kandokando ya barabara, ndoo kwa ndoo, kila nyumba kwa kadiri ya mfuko wake, majuma sita. Ni wenzetu, na feza ilibaki hapa. Lakini nisiwafiche: nilipokaa nao nilimwona mama mmoja jicho limeharibiwa na kipande cha jiwe, na watoto wa saa za shule wakiwa na nyundo mkononi. Tulimnunulia kila mmoja wa wale wanne miwani ya kazi kutoka kwa likelemba. Kwa ajili ya watoto hatukufanya kitu, tuliambiwa tu kwamba mwezi wa tisa watarudi darasani. Wawili niliwaona mwezi wa kumi, bado wako pale.

Kushindilia tulifanya kwa gogo zito la msederi lenye mikono miwili, watu wawili wanaliinua na kuliachia. Kokoto kavu haishikani na kokoto ya matope haishikani. Mzee alitufundisha kukamata konzi ya mchanganyiko na kuuminya: ukivunjika, ongeza maji, ukitoa maji kati ya vidole, ngoja ukauke, ukikaa kama tonge la bugali, piga. Ndiyo maana hatukumaliza katika ukavu kabisa, tulingoja manyunyu ya kwanza ya mwezi wa tisa. Kubeba maji ya kumwagia mita 40 wakati robine haitoi, nani angeweza?

Mwisho, kwa sababu ya mteremko, tulilaza miti mitatu ya mkaratusi kukata njia, kila baada ya mita kumi, imelala mshazari, imezikwa na kuonekana sentimita nne tu. Maji yakishuka yanagonga mti na kugeukia mferejini kabla hayajapata nguvu. Mti wa tatu tuliuweka juu mno. Wenye moto walitutukana juma nzima, mmoja alimwaga bidoni la mafuta ya mawese, tukaulipa. Sasa tumeushusha.

Je, imekaa? Mvua kubwa ya mwezi wa kumi na mbili ilinyesha kutwa nzima. Nilitoka na mfuko wangu wa plastiki kichwani. Maji yalipita pembeni. Jirani wa chini alikuwa amesimama mlangoni kwake, jikoni kwake kukavu, akanipungia mkono. Lakini kuna kipande cha mita sita hivi, karibu na ile nyumba iliyokataa kuchanga, ambako bati halina mfereji, na hapo kokoto imeanza kuondoka tena. Nimezungumza na bibi wa nyumba, si na bwana. Anasema amepata bati la kipande, anakosa misumari na mtu wa kupanda.

Baada ya kila mvua kubwa, nyumba moja kwa zamu inapita na reki, inarudisha kokoto katikati, inatoa sashe mferejini. Ni robo saa. Wanaosahau zamu wanalipa franga 1.000 kwenye kisanduku, na kisanduku ndicho kitanunua ndoo kumi za kuongeza kila mwaka.

Siku ya posho hii, saa moja asubuhi, tunazibua kanivo ya avenyu kabla ya mvua. Mwenye pauro alete, mwenye karai alete. Na kama kuna baba asiyeogopa ngazi, tunamtafuta kwa ajili ya lile bati. Misumari nimekwisha kuinunua. Maharagwe juma lijalo, kweli.