Biharusi, Mizani ni Mara Moja kwa Wiki



Leo tutasema jambo litakalowakera baadhi yenu, na tunaomba radhi mapema. Tumechoka na huu mtindo wa biharusi kupanda mizani kila asubuhi na kutuma picha ya namba kwenye kundi la WhatsApp. Tumechoka vile vile na wanaosema kujipima ni mambo ya Kizungu, mwanamke wa Kiislamu hayamhusu. Pande zote mbili zinatuumiza.

Kilichotusukuma kuandika ni hiki. Tulikaa na biharusi anapakwa hina, mkono wa pili haujakauka, akaanguka. Mama yake akasema ni jicho la watu. Mashangazi wakaitisha ubani. Kumbe mtoto wa watu alikuwa siku ya tisa anaishi kwa maji na chai ya sanamaki, na kila asubuhi mizani ikimwambia vizuri, endelea. Kilo nne zilikuwa zimekwenda. Usiku ule, badala ya kupambwa, alilala zahanati na dripu mkononi. Na sisi tulikuwamo katika kundi lile. Kila alipotuma namba tulimrushia maua na makofi. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Zile kilo nne nyingi yake yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wali, mkate na muhogo siku chache, akiba inakwisha, maji yanatoka, mizani inashuka. Sanamaki nayo hufanya kazi kwenye utumbo mkubwa, wakati chakula kimeshafyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba. Inachokutoa ni maji na chumvi ambazo moyo na misuli inazihitaji. Siku utakapokula biriani ya harusi yako, maji yanarudi, namba inarudi nayo, na wewe unalia ndani ya fungate.

Sasa njooni kwenye hesabu ya kila siku. Kupungua kwa salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Nusu kilo kwa wiki ni kama gramu 70 kwa siku. Na uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja, hata mbili, ndani ya siku moja kwa sababu ya chumvi ya urojo wa jana, choo, jasho, au hedhi inayokaribia. Gramu 70 utazionaje katikati ya mawimbi hayo? Anayejipima kila siku anasoma maji, na kwa maji hayo anafurahi au anajinyima chakula. Wapo wenye moyo mgumu wanaojipima kila siku na haiwadhuru. Biharusi aliyebakiza wiki sita, mwenye wifi na mavyaa wenye maneno, si miongoni mwao.

Kwenu mnaosema mizani ni dunia tu, tunauliza: dhahabu ya mahari hamuipimi? Daftari la upatu hamliandiki? Hakuna aliyesema daftari la upatu linapunguza tawakkul. Dini yetu imetufundisha muhasaba, mtu kujihesabu nafsi yake, na imetufundisha kwamba mwili ni amana na tumbo lina theluthi zake. Mizani ya wiki ni muhasaba wa tumbo. Asiyejipima kabisa hupata habari siku ya Idd, baada ya mwezi mzima wa kaimati, sambusa na tambi, gauni linapogoma kufunga.

Na hapa si suala la gauni peke yake. Nyumba gani kwetu haina mama au shangazi mwenye sukari au presha? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, ulionesha kwamba waliofundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Si lazima uwe mwembamba kama sindano. Huko huko Marekani kuna daftari lililoanza mwaka 1994 la watu waliopungua kilo 13 na zaidi na wakadumu mwaka au zaidi. Watatu kati ya wanne hujipima angalau mara moja kwa wiki. Hatusemi mizani ndiyo iliyowapunguza. Tunasema waliodumu hawakuikimbia.

Basi fanyeni hivi. Chagua siku moja. Baada ya sala ya alfajiri, umeshakwenda chooni, hujanywa chai, nguo nyepesi ile ile, mizani juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia. Andika, kisha iweke mizani uvunguni mpaka wiki ijayo. Usijipime magharibi ukiwa na funga, hapo umepungukiwa maji tu. Angalia wiki nne kwa pamoja, na wiki ya hedhi ilinganishe na ya hedhi. Zikipita wiki nne namba haijasogea, kagua nazi, mafuta na sukari ya chai, usijiadhibu kwa njaa.

Anza mapema. Kilo sita kwa mwendo wa nusu kilo zinataka wiki 12. Ukiwa umebakiza wiki mbili, mpelekee fundi gauni alilegeze mishono.

Mwenye mimba uzito wake hupimwa kliniki. Na yule ambaye namba ikipanda anaacha kula au anajitapisha, aitoe mizani nyumbani na amuone daktari. Hiyo si aibu.

Kundi la picha za mizani lifungwe. Uzito wa mwanamke ni sitara yake. Mwambie mtu mmoja unayemuamini, inatosha. Nanyi mama zetu na makungwi, siku ya singo msimuulize mwari mbona amenenepa. Muulizeni amekula nini leo.

Sisi tumeshatoka kwenye kundi lile. Tunakusubirini nje.

Wabillahi tawfiq.