Nkambo, mujukuu na motokari ya zamani



Mwezi huu tunakwenda mbali kidogo, mpaka Marekani, lakini wale wanaoshinda katika garagi za Likasi na Kolwezi watajisikia kwao. Kule kuna wazee wanaochukua motokari ya zamani, hasa Ford ya mwaka 1932, wanaondoa mabati yanayofunika magurudumu, wanashusha paa, wanatia moteri yenye nguvu kupita ile ya kwanza. Motokari ya namna hiyo inaitwa hoti rodi. Na kuna wazee wasiofanya ile kazi peke yao: wanaifanya pamoja na mujukuu wa miaka 14 ao 15, Siku ya Posho kwa Siku ya Posho, na inaweza kuwakamata miaka miwili, hata zaidi.

Muchezo huu haukuanza jana. Katika miaka ya 1930 vijana wa California walikuwa wanapeleka motokari zao Muroc, ziwa lililokauka, udongo wake mugumu na sawasawa, juu ya kushindana mbio. Mwaka 1932 Ford ilikuwa imetoa moteri ya silinda 8, nguvu za farasi 65, kwa bei isiyokuwa ya matajiri tu. Nyuma ya vita iliyoisha 1945 vijana wengi walirudi kutoka jeshi wakijua mekaniki, na gazeti Hot Rod likaanza katika Januari 1948. Lakini kulikuwa wale walioshindana barabarani, katikati ya watu. Ndiyo maana Wally Parks alianzisha chama cha NHRA mwaka 1951, ili mbio zitoke barabarani ziende mahali penye sheria.

Tuseme wazi: hatari haikuisha. Ile Ford ya 1932 ilikuwa na freni za kuvutwa na fito za chuma. Freni za mafuta Ford iliziweka tu katika motokari za mwaka 1939. Ukitia moteri yenye nguvu mara tano na kuacha freni zile, umemupa mujukuu kitu cha kumuua. Katika majimbo mengi ya Marekani kijana anaweza kupata permi akiwa na miaka 16. Ni kusema, yule anayeshika kle leo, kesho kutwa atashika volani.

Mutoto yeye anataka moteri kwanza. Nani hangetaka? Moteri inanguruma, marafiki wanakuja kuiangalia. Mimi nasema nkambo akatae. Freni na volani kwanza, moteri nyuma. Kwa rangi na viti amuachie mujukuu achague, hata kama rangi ile inamuumiza muzee macho.

Tena kazi ya freni haitaki mutu mumoja. Kama mafuta ya freni yametiwa, hewa inabaki ndani ya tiyo, na pedali inakuwa laini sawa sifongo. Basi mumoja anakaa juu, anakanyaga pedali, anasema: «Nimeshika!» Mwengine yuko chini karibu na gurudumu, anafungua visi ndogo, mafuta yanatoka pamoja na hewa, anafunga, kisha anajibu: «Acha!» Yule wa juu akiondoa muguu mbele ya visi kufungwa, hewa inaingia tena, wanaanza upya. Kwa kawaida wanaanza na gurudumu la mbali, wanamaliza na la karibu. Na waangalie mikono, mafuta yale yanakula rangi.

Hapo ndipo mutoto anapaswa kuwa kwenye visi, na nkambo kwenye pedali. Kuna wazee wanaofanya yote wenyewe, mujukuu wanamupa taa ya kushika. Nyuma ya wiki tatu mutoto hafiki tena, na muzee anauliza kwa nini vijana wa leo hawapendi kazi! (Nikisema mujukuu, sisemi mutoto mwanaume peke yake.)

Lakini mbele ya mutu kuingia chini, motokari ilale juu ya viti vya chuma vyenye nguvu. Kriki ni ya kuinua tu, si ya kulinda mutu. Matofali yanaweza kupasuka mara moja. Jambo hili ni lilelile kwa Toyota inayolala nyuma ya nyumba yako.

Siku ya kwanza ya kuendesha, waende polepole katika uwanja usio na watu, wasimame mara kumi, kisha waangalie kila gurudumu kama mafuta hayavuji. Wakirudi, wakaze visi zote tena. Rangi inaweza kungoja: kuna hoti rodi zinazotembea miaka mingi na rangi ya chini ya kijivu tu, na hakuna mutu anayeshangaa.