Mwenye kuku wanane si mkaidi

Msomaji, twasikia kila mara kwamba wafugaji wa vijijini hukataa mambo mapya. Kabla ya kuwalaumu, mfikirie mama wa Kakuma mwenye kuku wanane. Ugonjwa wa kideri, yaani Newcastle, ukiingia bomani mwake unaweza kuwamaliza wote kwa siku chache, na watoto wakakosa mayai.

Chanjo ipo. Lakini nyingi hutaka kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na chupa moja mara nyingi hutosha kuku mia au zaidi. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni zaidi ya kilomita 100 za jua kali. Chupa nzima, mama huyo aifanyie nini?

Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, huvumilia joto zaidi. Ni tone moja jichoni, likirudiwa kila miezi 3 au 4. Hukinga, haiponyi. Basi majirani wachangiane chupa na kuchanja siku moja, na kaunti iwafundishe akina mama kuchanja wenyewe. Chanjo ikiwafikia ingali nzima, wataipokea.